Bampa lilitengenezwa ligongwe

Najua wengine mlitegemea niendelee na ile mada ya mitaala, lakini tuipumzishe kidogo, vichwa vimechoka. Leo nawaletea historia ya kitu ambacho hakipo kwenye silabasi yoyote niliyowahi kuisoma: bampa la gari. Na sio bampa la kila gari. Nazungumzia hasa yale magari ya michezo ya chini chini, ambayo dereva akilikaribia tuta anapunguza mwendo mpaka basi, halafu anatulia kusikiliza kama ule mlio wa "krrrr" utatoka chini ya pua au atapona.

Swali langu ni hili. Kifaa kilichobuniwa kupokea kipigo ili gari lisiumie, imekuwaje chenyewe ndicho kinachoumia kwanza, na kutibiwa kwake ni hela? Siku hizi mtu akikwaruza bampa kwenye ukingo wa maegesho anashuka, anachuchumaa, anapapasa, anapiga picha, anapiga simu. Babu yake angekwaruza bampa asingeshuka hata kidogo. Ndo kazi yake bampa hiyo!

Tuanzie mwanzo. Magari ya awali hayakuwa na bampa. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa 1908, ilitoka kiwandani bila hicho kitu. Aliyekitaka alinunua pembeni akafunga mwenyewe. Uingereza alikuwepo jamaa anaitwa Frederick Simms, yule yule aliyeleta haki za injini za Daimler nchini humo miaka ya 1890. Mwaka 1905 Simms alipata hataza ya bampa la mpira, na akalifunga kwenye gari lake la Simms-Welbeck. Hebu rudieni hapo: mpira. Yaani mwaka 1905 kuna mtu alishaelewa kwamba kitu cha kupokea pigo kinatakiwa kiwe laini, kibonyee, kisha kirudi kilivyokuwa. Wazo hilo likalala usingizi miaka zaidi ya sitini.

Kilichotawala katikati ni chuma kilichopakwa kromu. Ubao wa chuma mbele, ubao wa chuma nyuma, bolti chache, basi. Uzuri wake ni kwamba ulikuwa umesimama mbali kidogo na bodi. Ukigonga nguzo unafungua bolti, unanyoosha au unafunga mwingine, bodi haijui hata kilichotokea. Ubaya wake ni kwamba watengenezaji walianza kuuona kama pambo. Miaka ya 1950 Cadillac zilikuwa na vichuguu viwili vya kromu vimechomoza mbele, watu wakavibatiza Dagmar, jina la mwigizaji wa televisheni wa Marekani aliyejaaliwa kifua. (Waingereza nao baadaye wakafanya mchezo ule ule kwenye MG, wao wakamtumia Sabrina, mwigizaji wao. Wanaume na magari bwana, teh teh.)

Magari ya michezo yakachukua njia tofauti: badala ya kulinenepesha bampa, yakalikondesha. Angalieni Jaguar E-Type ya 1961. Bampa lake la mbele ni vipande viwili vyembamba vya kromu pembeni mwa mdomo, vimekaa kama wanja. Vinapendeza sana, ila sijui vingezuia nini. Gari lenyewe kutoka chini hadi paa ni kama mita 1.22. Ford GT40, lile lililoshinda Le Mans mara nne mfululizo kuanzia 1966, hiyo 40 ya kwenye jina ni kimo chake kwa inchi, yaani sentimita kama 102. Lamborghini Countach, ambayo wateja walianza kukabidhiwa 1974, ina sentimita 107. Mtoto wa darasa la pili anaweza kusimama pembeni yake akaona kilichopo upande wa pili juu ya paa.

Kwa nini chini hivyo? Sio mapozi tu. Uzito ukikaa karibu na ardhi gari halilali sana kwenye kona. Halafu kuna hewa: gari likikimbia, hewa inayoingia chini yake inataka kuliinua, na gari jepesi likiinuliwa pua kidogo tu, usukani unakuwa mwepesi hadi unatisha. Dawa iliyopatikana ni kulipa gari kidevu, ukingo unaoshuka chini ya bampa kuzuia hewa isipite. Porsche 911S ya 1972 ilipewa kidevu cha namna hiyo. Sasa wale wa jiografia na fizikia fikirini pamoja nami. Kidevu kiko mbele ya tairi, na ndicho kiungo cha chini kuliko vyote mbele ya gari. Maana yake tuta likija, kidevu kinafika kabla tairi halijapata nafasi ya kupanda na kuliinua gari. Mkwaruzo umo kwenye mchoro wa gari tangu siku ya kwanza. Mnaosema dereva hajui kuendesha mnamwonea.

Sasa turudi kwa mpira wa Simms. Mwaka 1968 Pontiac GTO ilitoka Marekani ikiwa na pua ya plastiki laini iliyoitwa Endura, imepakwa rangi ile ile ya gari. Kwenye tangazo la televisheni, mkuu wa Pontiac wa wakati huo, John DeLorean, anaipiga kwa nyundo kubwa na haidhuriki. Mnaona historia inavyochekesha? Hapo kulikuwa na mawazo mawili ndani ya kitu kimoja. La kwanza, bampa laini linalorudi. La pili, bampa lenye rangi ya gari, lililoungana na sura yote. Wazo la kwanza ni la kumsaidia mwenye gari. La pili ni la kumvutia mnunuzi. Kwa miaka kadhaa yalitembea pamoja, baadaye la pili likamla la kwanza, ndipo tulipo leo.

Ufaransa, mwaka 1972, Renault 5 ilifanya la kwanza bila la pili. Mbunifu wake, Michel Boué, alifariki kabla gari halijaingia sokoni, masikini hakuona mafanikio yake. Mabampa yalikuwa ya plastiki ya kijivu, hayakupakwa rangi ya gari, na yalishuka hadi chini kulinda zile sehemu zinazogusana na wenzako mnapobanana kuegesha. Ukikwaruza, umekwaruza plastiki ya kijivu ambayo ndani ni kijivu vile vile. Hapo mkwaruzo hauna kitu cha kuharibu. Renault 5 sio gari la michezo, najua, lakini nailetea kama ushahidi kwamba mwaka 1972 jibu lilikuwa tayari lipo barabarani.

Mwaka huo huo Marekani sheria ikaingia, na hapa ndo penye utamu wa mada. Kampuni za bima zilikuwa zimechoka kulipa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taasisi yao ya utafiti wa ajali ilikuwa inagongesha magari mapya kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, halafu inahesabu bili. Taa, boneti, madigadi, grili, vyote vinaharibika, na bampa la kromu lipo linang'aa tu. Kuanzia tarehe 1 Septemba 1972, magari mapya ya abiria yakatakiwa yaweze kugonga ukuta kwa kilometa 8 kwa saa mbele, na 4 nyuma, bila vitu vya usalama kama taa na mfumo wa mafuta kudhurika. Mwaka uliofuata na nyuma ikapandishwa hadi 8, na ikaongezwa sharti la kimo: bampa lipokee pigo kati ya sentimita kama 41 na 51 kutoka ardhini, ili bampa likutane na bampa mwenzie. Oktoba 1972 Bunge lao likapitisha na sheria nyingine iliyosema wazi kwamba lengo ni kupunguza gharama kwa mwananchi. Kufikia magari ya 1980, hata bampa lenyewe liliruhusiwa kubaki na kibonyeo kidogo tu.

Sasa waulizeni wapenzi wa magari ya zamani kuhusu sheria hiyo. Watalia. Watakuonyesha MGB, gari dogo la wazi lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962, ambalo soko lake kubwa lilikuwa Marekani. Mwishoni mwa 1974 MGB ikavuliwa kromu, ikavikwa bampa kubwa jeusi la plastiki nene juu ya chuma, na gari lote likainuliwa kama inchi moja ili vimo vifike panapotakiwa. Ikawa inalala zaidi kwenye kona na sura imenuna. Hadi leo kuna watu wanaolipa hela kuvua bampa jeusi na kurudisha kromu. Watakuonyesha pia Countach zilizouzwa Marekani miaka ya 1980: gari kama chombo cha anga za juu, limefungwa bampa la mbele kama mtu aliyevaa suti akawekewa ndoo kichwani.

Mimi naomba kutofautiana nao. Ubaya wa MGB na Countach ni kazi ya waliobandika kitu juu ya mchoro wa zamani, hawakutaka au hawakuwa na hela ya kuchora upya. Waliochora upya walifaulu. Porsche 911 ya 1974 ilipewa mabampa ya madini mepesi yenye mikunjo ya mpira pembeni, kama kinanda cha kuvuta kwa mikono, na za Marekani zikafungwa vizuia-mshtuko vya mafuta nyuma yake. Unagonga kidogo, bampa linarudi ndani, mikunjo inajikunja, linatoka tena. Sura ile ilidumu hadi mwisho wa miaka ya 1980 na leo watu wanaililia! Corvette nayo, ambayo bodi yake ni ya faibaglasi tangu 1953, ilipata pua laini ya plastiki yenye rangi ya gari kwenye toleo la 1973, na nyuma ikafuata 1974. Hakuna anayeiita mbaya. Kwa hiyo ile hoja ya "sheria iliua uzuri" mimi naipa C. Ushahidi umechaguliwa upande mmoja.

Mwaka 1982, chini ya serikali ya Reagan, wakala wa usalama barabarani akaishusha ile 8 ikawa 4. Hoja ilikuwa kwamba bampa jepesi linapunguza bei ya gari na mafuta. Watetezi wa walaji walikwenda mahakamani, na mwaka 1985 mahakama ya rufaa ya Washington ikaiunga mkono serikali. Hoja ya uzito sio ya kubeza, bampa lenye chuma na mitungi ya mafuta linalemea kweli. Lakini angalieni nani alibaki na bili. Mtengenezaji alipunguziwa kazi, na mwenye gari akarudi kwenye daftari la fundi.

Watengenezaji hawakurudi kwenye kromu. Walibakisha ganda la plastiki kwa sababu lile wazo la pili la GTO lilikuwa limeshinda: pua nzima kipande kimoja, rangi moja, na hewa inapita vizuri. Kilichopungua ni cha ndani. Leo ukivua bampa la gari la michezo unakuta ganda jembamba la plastiki, nyuma yake povu gumu, nyuma yake boriti ya chuma au alumini. Lile tunaloliita bampa ni nguo tu. Jambo lingine ambalo watu hawalijui: sharti la kimo la Marekani ni la magari ya abiria, pikapu na yale makubwa ya kupanda milima hayakuguswa. Kwa hiyo gari la chini likiegeshwa mbele ya pikapu, bampa halikutani na bampa, linakutana na hewa, na ndoano ya pikapu inakutana na boneti.

Huku kwetu magari haya yamekuja hasa kwa njia ya Japani, yakiwa yameshatumika: Toyota MR2, Celica, Nissan Fairlady Z, unayaona mawili matatu mjini. Ukaguzi wa Japani unataka nafasi ya angalau sentimita 9 kati ya ardhi na tumbo la gari. Kwa lami yao inatosha. Sasa lilete kwenye tuta ambalo limejengwa kwa koleo na hasira za wananchi baada ya ajali, hapo sentimita 9 ni hadithi. Ndo maana mkwaruzo wa kidevu kwetu ni kama kodi.

Sasa umekwaruza, unafanyaje? Historia inasaidia kuliko mnavyodhani. Kwanza osha kwa maji na sabuni, usiguse na thina, inakula rangi. Mara nyingi nusu ya unachokiona ni rangi ya ukuta au ya gari jingine iliyoganda juu, na inatoka kwa polishi. Kisha lowesha sehemu yenyewe. Mstari ukipotea ukiwa na maji, jeraha liko kwenye vanishi ya juu tu, linasuguliwa likaisha. Pitisha ukucha. Ukucha usipokwama, bado uko salama. Ukikwama, rangi imekatika na kusugua hakutaleta kitu, utamaliza vanishi bure.

Ukiona weusi wa plastiki, tulia. Bampa la kromu lilikuwa likichubuka linaanza kutu, ilibidi ukimbizane nalo. Plastiki haishiki kutu. Mkwaruzo wa leo unaweza kukaa hadi boom litoke na hautaongezeka hata milimita. Chini ya kidevu, pale ambapo haonekani mtu isipokuwa paka, mimi ningeacha kabisa. Kipaka rangi leo, kesho tuta linakusubiri pale pale.

Ukiamua kupiga rangi, hapo ndo mafundi wengi waliozoea bodi za chuma wanapochemsha. Plastiki ya mabampa mengi inakataa rangi, kama kalamu ya wino inavyokataa kuandika kwenye kopo la plastiki. Inahitaji isafishwe mafuta yote, ipigwe msasa laini, na ipakwe kwanza praima maalumu ya plastiki ndipo rangi na vanishi vifuate. Puti ya bodi ya chuma ni ngumu. Bampa likijipinda kidogo puti inapasuka na kubanduka na rangi yake, ndani ya miezi michache unaona maganda. Muulize fundi anatumia praima gani kabla hujakabidhi ufunguo. Akikuangalia kama umemtukana, ondoka. Kama bampa limebonyea bila kupasuka, maji ya moto juu yake na mkono kusukuma toka ndani mara nyingi vinalirudisha. Hiyo ni Endura ya 1968 bado inafanya kazi.

Ila kurudi huko kunadanganya, na hapa msinielewe vibaya. Ganda linaweza kurudi likawa zuri kabisa huku povu la nyuma limevunjika au boriti imepinda. Angalia nafasi kati ya bampa na madigadi kushoto na kulia. Kama upande mmoja kidole kinaingia na mwingine hakiingii, usikubali kusuguliwa mkwaruzo tu, vua bampa uone ndani. Magari mapya zaidi yana rada nyuma ya plastiki hiyo, na puti nene ikiwekwa mbele yake rada inaweza isione vizuri. Mtu anaondoka gereji na bampa linalong'aa kuliko lilivyotoka Japani, kumbe breki za kujifunga zenyewe zimefungwa macho.

Na tuta lenyewe, lipande kwa mshazari, tairi moja kwanza, ili tairi liwahi kuinua pua kabla kidevu hakijafika. Wenye hela wana njia nyingine. Corvette ya toleo la 2020 inaweza kufungwa mtambo unaoinua pua kwa kama sentimita 4 ndani ya sekunde 2.8, na kwa msaada wa GPS gari linakumbuka hadi sehemu 1,000 za kujiinua lenyewe ukizikaribia. Toka mpira wa Simms wa kupokea kipigo hadi gari linalokariri matuta ili lisiguswe ni miaka 115. Kutoka hosteli yetu hadi getini kuna matuta saba. Zingebaki 993.